Kartali na Miguu ya Kwaya

Shule ya jioni niliimaliza nikiwa na mvi, kwa hiyo vibao viwili vya mti visingenitisha. Jirani yangu hapa Quakers Hill, Sydney, bibi wa Kigujarati mzaliwa wa Tanga, ndiye aliyenitia kartali mkononi: kibao kimoja kina tundu la kidole gumba, cha pili tundu la vidole vingine, na visahani vya shaba vinavyolia ukivigonganisha. Kila Jumapili alasiri wenzake huimba nyimbo za dini sebuleni kwake. Mpigaji wao alikuwa amehamia mbali, nami niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka cheti.

"Piga wimbo mmoja mpaka mwisho bila kupotea, nafasi ni yako," alisema bibi. "Ukipotea, utachemsha chai ya watu wote."

Nilipotea ubeti wa kwanza haujaisha.

"Wewe unapiga kwa mkono au kwa mguu?"

"Bibi, mimi mtu wa kwaya!"

Kwaya yetu ya Morogoro haijui kuimba imetulia. Mguu hutangulia, mkono hufuata. Kwa bibi watu hukaa chini wamekunja miguu. Nikiikunja yangu, mapigo yananikimbia. Nikiiachia, naserebuka palepale mkekani na wimbo naupita mbio.

Nikachemsha chai, lakini nikaapa. Wiki nzima nikienda kazini St Marys nilipiga hewa ndani ya treni, visigino nimevibana chini ya kiti. Nusu ya Sydney ilihama behewa. Nyumbani nilikaa sakafuni jikoni na kartali zenyewe. Binti yangu, anayeelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, alinitangazia kwamba mbwa wa mtaa mzima wanatafuta nyumba nyingine.

Jumapili ikafika. Wimbo ukaanza polepole, ukapanda. Mguu wa kulia ukataka kuondoka, nikaukalia. Magoti yaliwaka moto wa kuchomea mkaa, halafu miguu yote ikafa ganzi, na mkono, ukikosa mguu wa kuufuata, ukaanza kumsikiliza mwimbaji. Tukafika mwisho pamoja.

"Haya, inuka upumzike," bibi akasema.

"Siinuki, bibi. Sina miguu."

Akacheka mpaka ushungi ukamwanguka.

"Basi kaa hapohapo," akasema, akaanzisha wimbo wa pili.