Mfuko wa Vumbi na Kifua cha Mdogo Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kipande cha msasa na mguu wa kiti. Kiwanda kilikuwa Chang'ombe, kikitengeneza samani za ofisi na hoteli, na Fomeni wa karakana hakuwa mtu wa kukaribisha wageni kwa maneno mengi. Alinionyesha benchi, akasema, "Piga mpaka nikiweka shavu langu hapo nisinzie." Nilikuwa nimeacha shule kabla ya kumaliza la saba. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla msiba wa baba haujapoa, nikabaki na mdogo wangu Deo, ambaye alikuwa hajui hata kufunga kamba za viatu. Mkubwa ni mkubwa. Nikapiga msasa.

Kwenye benchi la jirani, siku hiyohiyo, alianza msichana mwingine aliyeitwa Mwanaidi, mzaliwa wa Temeke, binti wa watu waliokuwa pale kabla ya barabara. Alikuja na khanga mpya na mdomo usiokosa jibu. Fomeni alipomwambia yale maneno ya shavu, alimtazama akasema, "Shavu lako lina ndevu, Fomeni, litaikwaruza mbao." Karakana nzima ilicheka, na Fomeni akacheka. Mimi sijawahi kumchekesha Fomeni. Wivu wangu kwa Mwanaidi ulianza hapo, kabla ya chakula cha mchana, na ninausema wazi kwa sababu vijana wanaosoma habari za kazi za zamani hudhani tulipendana karakanani kama wanakwaya.

Nieleze kwanza habari ya vumbi, maana wengi hulitaja kama kitu kimoja. Mbao ikipita kwenye randa hutoa maranda, yale manyoya mapana ambayo wafuga kuku huyagombania. Ikipita kwenye msumeno hutoa unga mzito unaoanguka miguuni pako. Ikipigwa msasa hutoa vumbi jepesi lisilotaka kuanguka. Linaelea, unalivuta, wala hulioni mpaka jua lipenye kwenye tundu la bati. Maranda huchafua sakafu tu. Hilo jepesi ndilo linalokwenda kukaa kifuani. Wakati wetu kinga ilikuwa kujifunga khanga puani. Mninga ulitupigisha chafya, mkongo ukatuwasha macho, na jioni tulitema mate yenye rangi ya mbao tuliyoifanyia kazi.

Siku moja Fomeni alihitaji mtu wa chumba cha vanishi, chumba chenye madirisha makubwa na kisichoruhusu vumbi, kwa kuwa chembe moja ikitua kwenye vanishi mbichi meza yote hurudiwa. Akamchukua Mwanaidi.

"Na mimi, Fomeni?" nikauliza.

"Wewe ni mvumilivu," akanijibu. "Msasa unataka mtu mvumilivu."

Tangu hapo nimejua kwamba sifa ya uvumilivu hupewa yule anayeachwa nyuma.

Baadaye nilihamishiwa kwa Msimamizi wa Mashine, mzee mkali aliyenifundisha msumeno wa meza na randa ya umeme. Alikuwa na neno moja: "Mashine haina undugu." Kutoka kwake nikapelekwa tawi la Tabata, chini ya Meneja wa Tawi, mama mmoja aliyekuwa akigusa kila droo kwa kidole kabla haijatoka mlangoni. Kiwanda kilipofungwa nilikuwa tayari nimeshajenga chumba na sebule hukohuko Tabata, nikaezeka banda la bati uani, nikanunua mashine mbili zilizochakaa na kuzifufua. Mwanaidi naye akafungua karakana yake kwao Temeke. Wateja walikuwa wakitutaja kwa pamoja, kama vile tulizaliwa mapacha, na kila walipofanya hivyo mimi niliwarudisha kwenye bei.

Deo alipomaliza kidato cha nne alikataa habari za ofisi. Aliingia bandani kwangu akachukua randa, na kabla mwaka haujaisha mkono wake ulikuwa umeupita wangu. Huyo sikumwonea wivu. Ni wangu, nilimlea. Nilikuwa nikimwangalia akiunga ulimi wa mbao na tundu lake bila gundi, vikashikana kama vimeota pamoja, nikajisemea, hii ndiyo shule niliyoikosa.

Kisha akaanza kukohoa. Kwanza asubuhi tu, baadaye mpaka kwenye ngazi za kanisa. Daktari alimsikiliza kifua, akamwambia atafute kazi isiyo na vumbi, au mahali ambapo vumbi linavutwa. Wiki iliyofuata Deo alisimama mlangoni na mkoba wake wa patasi.

"Dada, usinielewe vibaya. Kule kwa dada Mwanaidi mie sikohoi."

"Kwa dada nani?"

"Dada Mwanaidi. Nilikwenda kumsaidia kabati, siku nzima sijakohoa."

"Kumbe ana mdogo wake, huyo?"

"Dada, jamani."

"Nauliza tu. Maana kamba za viatu nilikufundisha mie."

"Kamba nafunga, dada," akasema. "Kupumua ndo kunanishinda."

Akaenda. Jioni alirudi kulala nyumbani, na aliposimulia habari za mchana kila sentensi ilikuwa na Mwanaidi ndani yake. Dada Mwanaidi kasema hivi. Dada Mwanaidi kapika samaki wa kupaka. Ningeweza kuvumilia kupoteza mteja, hata kupoteza banda. Lakini mtoto niliyemlea mgongoni asubuhi anaamka kwenda kuvuta hewa ya mwanamke mwingine, na hewa hiyo inamfaa! Nikaapa kwamba banda langu litakuwa safi kuliko lake na Deo atarudi.

Nilinunua feni ya kuvutia vumbi iliyotumika, ile yenye mota upande mmoja na mdomo mpana upande wa pili. Inavuta hewa pamoja na vumbi kutoka kwenye mashine, inavipuliza ndani ya mfuko wa kitambaa, hewa inatoka na vumbi linabaki. Mfuko nilimshonesha fundi cherehani kwa marekani, kile kitambaa cheupe kizito cha pamba. Nikaunga bomba nililokuwa nalo, la kipenyo cha kikombe cha chai, nikalizungusha ukutani kwa kona nyingi ili lisinisumbue njiani, na mwisho nikaweka mpira mrefu wenye mikunjo. Nikawasha. Feni ilinguruma kama lori, na msumeno ukaendelea kunimwagia unga miguuni.

Basi nikaenda Temeke, nikijifanya naazima kibanio cha mbao.

"Karibu, shoga," Mwanaidi akanipokea. "Umekuja kumwona mdogo wetu?"

"Mdogo wangu."

"Haya, wako. Mie namlisha tu mchana."

Wasichana wake wa vanishi wakainamisha vichwa ili wasionekane wakicheka. Nilikaa kwenye kigoda nikanywa kahawa yake na macho yangu yakafanya kazi. Bomba lake lilikuwa pana, limenyooka, na badala ya kona kali lilipinda taratibu kama barabara ya mlimani. Mashine zake zilikuwa karibu na feni. Kila mashine ilikuwa na kilango cha plaiwudi kwenye bomba lake, kinachofungwa ikiwa haitumiki, ili nguvu yote ya feni iende kwenye ile inayofanya kazi. Kati ya mashine na feni palikuwa na pipa lenye mfuniko: maranda mazito yanaangukia humo, na ni vumbi jepesi tu linalofika kwenye mfuko. Yote hayo niliyameza pamoja na kahawa.

Ila mfuko wake! Ulikuwa mweusi, umevimba, unaning'inia kama tumbo la mbuzi kwa mchinjaji. Nilifurahi nusura nimwage kikombe. Wa kwangu niliuvua kila Jumamosi nikaufua kwa sabuni ya unga, nikauanika kamba moja na shuka, na Jumapili nikienda kanisani ulikuwa ukimeremeta. Nikajisemea, mwanamke huyu ana mdomo, lakini usafi hana.

Nilirudi Tabata nikabomoa kila kitu. Nikanunua bomba pana, nikaondoa kona, nikakata ule mpira ukabaki kipande kifupi tu, kwa kuwa mikunjo yake hukwaza hewa. Nikasogeza msumeno, nikaweka vilango, nikatafuta pipa. Sasa unga haukunimwagikia tena miguuni. Jumapili baada ya ibada nikamwita Deo bandani, nikawasha feni, nikapiga msasa ubao wa mninga mbele yake kama mtu anayetoa ushahidi. Alisimama amekunja mikono, anatabasamu. Kisha jua likaingia kwenye tundu la bati, na ndani ya mwale wake vumbi jepesi lilikuwa likicheza kama siku zote. Deo akakohoa.

"Dada, umeweza sana," alisema alipopata pumzi. "Imebaki kidogo tu. Kwa nini usimwite dada Mwanaidi aangalie?"

"Bora nikohoe mie."

"Anayekohoa si wewe."

Nilikaa na jibu hilo. Nilipika nalo, nikafagia nalo, na siku ya ibada ya katikati ya wiki nikaimba nalo. Mwisho nilimwambia Deo amwambie huyo mama, akipita Tabata, apite.

Hakupita. Alikuja rasmi, amevaa baibui ya kutokea, mkononi ana kifurushi cha udi wa vijiti. Jirani yetu alichungulia juu ya ukuta akauliza kama tunapunga pepo.

"Tunamfukiza bibi harusi," Mwanaidi akamjibu. "Bwana harusi ni huyu feni, sauti yake si unaisikia?"

Hata mimi nilitaka kucheka, nikajizuia. Alituamuru tufagie banda lote, tumwage pipa, tuweke ndoo ya maji karibu, kwa sababu cheche na vumbi la mbao ni maadui wa nyumba. Ndipo akawasha kijiti kimoja, akakipitisha polepole kando ya bomba huku feni ikivuta. Mahali pasipovuja moshi ulipanda juu wima. Alipofika kwenye mfuniko wa pipa, moshi ukakatika na kuzama ndani kwenye ukingo.

"Unaona, shoga? Hapa feni inakunywa hewa ya bure. Hapa ikishashiba, kule kwenye msumeno inavuta nini?"

Deo akaleta mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, tukaukata ukanda, tukaubana chini ya mfuniko. Moshi ukasimama wima. Mwanaidi akazima kijiti kwenye ndoo, akaagiza ngazi. Nikaishika ngazi. Nieleweke: nilimshikia ngazi Mwanaidi bandani kwangu, mbele ya mdogo wangu. Akapanda, akaubonyeza mfuko, akanusa.

"Mwenzangu! Umeufua?"

"Kila Jumamosi," nikasema, na nilisema kwa fahari.

Alicheka mpaka ngazi ikatikisika mikononi mwangu. "Huu si shuka! Mfuko mpya matundu yake ni makubwa, vumbi jembamba linapenya linarudi kwako. Uache uchafuke. Vumbi lenyewe likikaa kwenye nyuzi ndo linazuia vumbi lenziwe. Ukiona feni imechoka kuvuta, izime, ukung'ute mfuko kwa mkono, basi. Ukifua unaanza moja. Mie wangu haujaonaga maji."

"Nimeuona," nikasema.

"Najua umeuona. Uliutazama siku ile kama umeona panya kwenye pilau."

Deo aligeukia ukutani mabega yakimtikisika. Nilidhani anakohoa. Alikuwa anacheka.

Sikuufua tena. Uliingia rangi ya majivu, kisha ya tope, na Jumapili nilipopita kwenda kanisani niliuonea aibu. Baada ya wiki kadhaa Deo alipiga msasa meza nzima ya mkongo chini ya ule mwale wa jua, na mwale ukabaki mtupu. Alikwenda Temeke kumuaga Mwanaidi, akarudi na mkoba wake wa patasi na sahani ya samaki wa kupaka iliyofunikwa.

Sasa nimestaafu na banda ni la Deo. Vijana wanaoanza karakana uani mwao huja kuniuliza wanunue feni gani, nami huwaambia waanze na bomba: liwe pana, fupi, limenyooka. Halafu watafute yanakovuja, na mfuko wauache uchafuke. Wakiniuliza nilijifunza wapi, nawajibu, Temeke. Jina silitaji. Wanaosema umri hupoza wivu hawajawahi kumshikia mtu ngazi.

Nyumba yetu ni ndogo, na kitanda cha Deo kiko nyuma ya ukuta wangu. Mimi huamka kabla yake, nikakaa na chai yangu, nikimsikiliza akiamka. Namsikia akipiga miayo, akitafuta viatu, akivuta pumzi ndefu ya asubuhi. Hakohoi. Kila asubuhi hakohoi, na kila asubuhi namkumbuka Mwanaidi, roho inaniuma, nateremsha kikombe polepole nisipige kelele, nasikiliza tena.