Mla-Taa Hawezi Kuvuka Bahari

Jamani, mkisikia mtu ananiita Mkeka hapa Kismayu msimuulize yeye kwa nini, niulizeni mimi, maana wenzangu wakisimulia huongeza chumvi, na kisa chenyewe chumvi yake inatosha. Aibu yake ninayo mpaka leo. Mimi fundi wa mashine za mashua, mtu mzima na ndevu zangu, nilivuliwa nguo mbele ya mkahawa mzima (kwa maneno tu, alhamdulillahi), na aliyenivua ni shangazi yangu mwenyewe, na aliyempa nafasi ya kunivua ni mimi, kwa kidole changu hiki.

Chanzo chake ni katuni. Ndiyo, katuni, mnaweza kucheka mapema. Tuna meza yetu kwenye mkahawa ulio karibu na bandari, na kila tukishaswali Alasiri hukutana pale, mmoja mpagazi wa bandarini, mwingine dereva wa bajaji, na Kheri ambaye anauza simu, na wakati meza nyingine zinabishana siasa, sisi twabishana maadui wa filamu za katuni, yupi ana nguvu kuliko yupi, yupi amekwisha na yupi atarudi. Steringi hatuna habari naye, steringi kila mtu anajua atashinda. Adui ndiye mwenye mambo.

Basi siku hiyo Kheri akaja na habari kwamba ile filamu ya lile jitu la moshi inatengenezewa sehemu ya pili. Kwa asiyeijua, hilo ni jitu linalomeza taa, na kila likimeza moja linarefuka, mpaka mji mzima unabaki giza na wenye mji wanatafutana kwa kupapasa. Hapa mjini wanaliita kwa jina lake la kigeni, lakini kwetu kisiwani Koyama tulimwita Mla-Taa. Kheri akasema katika sehemu ya pili atavuka aichukue miji ya visiwani, kwa kuwa hakuna kinachomzuia. Ningekunywa chai yangu nikanyamaza, leo ningekuwa naitwa Athmani kama nilivyoitwa na wazazi wangu. Lakini nikaiweka glasi chini nikasema, hawezi, Mla-Taa havuki maji ya chumvi.

Wakanitazama. Kheri akaniuliza hayo nimeyaona wapi, nikamjibu nimeyaona kabla yeye hajajua deki ya video ni kitu gani.

Na kweli nilikuwa nimeyaona, au nilidhani nimeyaona. Tuliporudi Koyama kutoka ukimbizini Mombasa mimi nilikuwa mdogo, na shangazi yangu Mwanaesha alirudi na vitu ambavyo kisiwani havikuwako: televisheni ndogo yenye mgongo mkubwa, deki, jenereta, na kanda moja ya katuni. Moja tu. Tuliitazama kanda hiyo mpaka ikaanza kukohoa. Kiingilio kilikuwa ndoo ya maji ya kisimani au mzigo wa kuni, kila mtoto kwa uwezo wake, na jua likishatua tulipangwa mikekani, wadogo mbele. Lugha ya filamu hatukuijua hata neno, lakini shangazi alikuwa ameishi Mombasa, na kwa hesabu zetu mtu aliyeishi Mombasa anajua lugha zote. Alikaa kitako kando ya televisheni, kitambaa chake begani, akitufasiria kwa Kibajuni, sauti nyembamba ya binti mmoja mwenye fanusi, sauti nzito ya Mla-Taa, hata mbwa alimfasiria.

Sasa Mla-Taa akishamaliza taa ya mwisho ya mji na kuelekea pwani, jenereta ilikuwa inazimika. Petroli imekwisha. Tulilalamika kidogo, halafu tulitulia, kwa sababu hapo ndipo shangazi alipotumalizia hadithi kwa mdomo, gizani, na utamu wake hauwezi kufananishwa na picha yoyote niliyoitazama tangu siku hizo. Alituambia Mla-Taa alitia unyayo mmoja baharini, maji ya chumvi yakamuunguza, akaurudisha mbio. (Mtasema, petroli gani hiyo inayokwisha pale pale kila siku? Sikujiuliza. Nimekuwa fundi wa mashine, nimenusa petroli nusu ya umri wangu, na bado sikujiuliza.) Mpaka leo nikisikia jenereta inazimika mahali, roho yangu hungoja sauti ya shangazi ianze.

Ningeweza kumwachia Kheri maneno yake, lakini kulikuwa na jambo. Zuhura, dada yake Kheri, nilikuwa nimempelekea posa, na jibu lilikuwa mikononi mwa mjomba wao, Mzee Bwanaheri, mtu wa kisiwa cha Ngumi, mchache wa maneno, ambaye alisema hana haraka, kwanza amtazame kijana ni mtu wa namna gani. Nikaona nikirudi nyuma katika neno dogo kama hili, Kheri atakwenda kusema nyumbani kwamba Athmani ni mtu wa kubwabwaja. Kwa hiyo badala ya kurudi nyuma nikasonga mbele, nikaapa, tena kwa sauti, kwamba kama Mla-Taa anavuka bahari mimi si mtoto wa Koyama.

Kheri akasema basi, Ijumaa baada ya Alasiri ataileta ile filamu ya kwanza nzima, itazamwe hapa hapa, kila mtu na macho yake. Mwenye mkahawa akafurahi, biashara hiyo. Habari ikaenea kama habari zinavyoenea Kismayu, na Ijumaa nilipofika nikakuta viti vimeongezwa, watu wamejaa hadi mlangoni, upande wa wanawake nyuma ya pazia nako kunanong'ona (na sauti ya Zuhura naijua), na mbele kabisa, bakora katikati ya magoti, Mzee Bwanaheri.

Mtu mwenye akili angekaa nyuma. Mimi nikaenda kusimama kando ya televisheni, nikashika kipaza sauti cha mkahawa, nikaanza kuwafasiria watu filamu kwa Kibajuni, neno kwa neno kama shangazi, sauti nyembamba, sauti nzito, na yule mbwa. Walipenda. Wabajuni wazima na ndevu zao walicheka kama watoto wa mikekani, na wale wasiojua Kibajuni walicheka kwa kuwa wenzao wanacheka. Nikamwona Mzee anatabasamu upande mmoja wa mdomo. Kichwa kikanivimba. Nikasema moyoni, posa imepita hii.

Mla-Taa akafika pwani. Nikainua mkono watu wanyamaze, nikawaambia watazame vizuri unyayo wake. Akautia unyayo majini. Halafu akautia wa pili. Halafu akaenda zake, maji yakamfika magotini, yakamfika kiunoni, na kila mashua aliyokutana nayo aliimeza taa yake na mashua yenyewe, na mimi nimesimama, mkono bado uko juu, kipaza sauti mdomoni, sina la kufasiri.

Mkahawa ulilipuka kwa kicheko. Na hapo ndipo ningekubali, tukacheka wote, yakaisha. Lakini nikasema hii si ile, hii wameichezea. Kheri akaniuliza, kwa upole wa mtu aliyekwisha kushinda, ni nani hao waliokaa wakaichezea filamu ili kumkomoa Athmani wa Koyama. Nikamwambia shahidi ninaye, yu hai, amerudi kuishi Mombasa, na nikatoa simu nikampigia shangazi, na ili kila mtu asikie, nikaiweka sauti kubwa, nikaisogeza simu kwenye kipaza sauti. Simu mkono mmoja, kipaza sauti mkono wa pili. Kumbukeni hilo.

Tukaamkuana, akaniuliza hali, afya, kazi, na kama nala vizuri, watu wote kimya wanasikiliza. Nikamuuliza, shangazi, Mla-Taa anavuka bahari au havuki? Shangazi akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyekumbushwa ujana wake.

"Athmani mwanangu, hata yeo wamuogopa?" akasema. "Yule huvuka mai yote, na mashua humeza. Mashini nalikiizima mimi. Petroli haikwisha hata siku moya."

Nikataka kukata simu. Lakini mikono yote miwili ilikuwa na kazi, nikajaribu kwa kidole gumba, na kidole gumba cha fundi kina grisi hata Ijumaa, kikateleza, na badala ya kukata nikaiongeza sauti. Shangazi akaendelea, kwa raha zake, akidhani tuko wawili.

"Nchafanyaye na weye? Kila baba'ko akenda kuvua na karabai, weye wakoyoa mkekani. Hulia, asende na taa, Mla-Taa amfuata. Baba'ko naye ahurumia, akaketi nyumbani, na mchu wa kutuletea samaki ni yeye chu. Ndipo nikakwambia hawezi kuvuka mai ya chumvi. Usiku ule ukalala. Na ule mkeka nalikiuanika nyuma ya nyumba, watu wasiuone."

Watu wasiuone! Mkahawa mzima uliuona. Dereva wa bajaji alitoka nje kwa kicheko, akarudi, akatoka tena. Nyuma ya pazia walikuwa wanapigana vibao vya mabega. Nikatamani yule Mla-Taa atoke kwenye televisheni animeze mimi kwanza.

Mzee Bwanaheri akainuka. Hakuwa anacheka. Akaja kwa bakora yake polepole mpaka pale nilipo, na nikajua moyoni kwamba Zuhura ndiyo basi tena, kwa maana mjomba gani atamwoza mpwa wake kwa kikojozi mwenye kuapa mambo asiyoyajua. Hakuniangalia. Akainamia simu akamsalimu shangazi, akamuuliza jina, akajitambulisha yeye ni nani na wa kisiwa gani, na shangazi akashtuka, akaniuliza kwani uko na watu.

"Mwanaesha," Mzee akasema, "huu mwisho wa wazungu tumeuona. Wako ulikuwaye?"

Mtu mmoja akaenda akaisimamisha filamu, sijui nani. Halafu sauti ya shangazi ikabadilika, ikawa ile ya Koyama, ya baada ya jenereta kuzimika, na mwili wangu wote ukaijua kabla ya masikio. Akasimulia jinsi Mla-Taa alivyoungua unyayo akakaa mchangani peke yake, mji wote giza nyuma yake, na njaa imemshika, na mbele yake baharini taa za wavuvi, nyingi, asizoweza kuzifikia. Akalia. Yule binti akaja na fanusi yake ya mwisho akampa mkononi, akamwambia ukiimeza utashiba usiku mmoja, ukiishika utapata wenzako kila siku. Akaishika.

"Yupo pale pwani mpaka yeo," shangazi akamaliza, "ashishie taa, wavuvi wapate kuyua pa kushukia."

Nilikuwa nimeusahau mwisho huo. Nilikumbuka maji ya chumvi, nikashika nguvu na udhaifu wa adui kama tunavyoshika sote pale mezani, na hilo kubwa likanitoka. Nikamkumbuka marehemu baba akirudi alfajiri, karabai inawaka mbele, kwenye omo ya mashua, na mimi nimesimama ufukweni, mkavu, sina hofu, nadhani ni Mla-Taa aliyemwonyesha njia. Nililia, naam, mbele ya watu wale wale, na kipaza sauti kikapeleka kwikwi zangu hadi barabarani. Siku ikishaharibika huharibika yote.

Hakuna aliyecheka safari hii, isipokuwa Kheri, na yeye alikuwa anajifuta macho.

Mzee Bwanaheri alipokuwa anatoka alisimama mlangoni akaniambia, "Mwambie shangazi yako jibu la posa halitumwi kwa simu. Naaye huku Kismayu alichukue mwenyewe."

Akaja. Na jina la Mkeka likabaki, lilitangazwa mpaka kwenye harusi yangu, na anayeniletea mashine ya kutengeneza humwambia mwanawe nenda kwa fundi Mkeka. Nimeweka nadhiri: sitaapa tena juu ya kitu nilichosimuliwa gizani, na sitamweka mtu mzima kwenye sauti kubwa bila kumwambia nani anasikiliza. Hii ya pili nawausia na nyinyi.

Sehemu ya pili ya filamu imekwisha kutoka. Mezani wanabishana kama Mla-Taa amekufa kweli au atarudi katika ya tatu, na wakinigeukia mimi nakunywa chai yangu. Sijaitazama na sina haja. Ile ya kwanza ndiyo ninayo nyumbani, binti yangu anaipenda mno, na mimi humfasiria kwa Kibajuni, hata mbwa. Lakini umeme wa nyumba yetu una tabia, jitu likishamaliza taa ya mwisho ya mji na kuelekea pwani, hukatika. Binti yangu analalamika kidogo, halafu ananisogelea gizani, anangoja nianze. Swichi iko upande anaokaa Zuhura.