Bi Taratibu Alivyolizima Jicho

Hebu mwone anavyoingia kazini. Saa mbili kasoro dakika kumi, ngazi anazipanda moja moja, mkono wa kushoto umeshika chuma, wa kulia umebeba chupa ya chai. Mlinzi wa mlangoni akimsalimu, anaitikia huku midomo imebana, maana meno mawili ya mbele hana. Usidhani ni uzee. Ana miaka arobaini na mmoja tu. Yalitoka kwa tofali, saa nne asubuhi, jua linawaka, mbele ya watu anaonunua kwao mkate. Sogea nikueleze ilivyokuwa.

Pale ofisini jina lake halitumiki. Wanamwita Bi Taratibu. Kazi yake ni kutunza seva, zile mashine zinazoendesha programu ambazo mimi na wewe tunazigusa kwenye simu na kuendelea na maisha yetu. Mashine zenyewe hajawahi kuzitia machoni. Zimekodiwa, ziko ng'ambo huko, na yeye huziamrisha kwa maandishi akiwa kwenye kiti chake chenye mguu mmoja mbovu. Anaandika mstari, programu inaamka. Anaandika mwingine, inalala.

Basi, kulaza programu kuna njia mbili. Ya kwanza unaiambia: funga mlango, asiingie mtu mpya, wahudumie walioko ndani mpaka wa mwisho, kisha ulale. Ya pili unaikata ghafla, popote ilipofika. Mafundi wenzake hiyo ya pili waliiita kuchinja. Miaka minne nyuma kuna mmoja alichinja programu ya hospitali ili awahi mpira kwenye televisheni, kumbukumbu za wagonjwa zikaharibika, na Bi Taratibu akakaa siku tatu anaziingiza upya kwa mkono, macho mekundu kama pilipili. Alipomaliza aliandika msimbo wake mwenyewe, yaani mistari ya maagizo ya kusimamisha programu, na ndani yake akaacha njia moja tu, ile ya upole. Ya kuchinja aliifuta kabisa. Wakamcheka, wakampa jina, naye akalipenda.

Miongoni mwa programu alizozitunza ilikuwamo moja iitwayo Jicho. Ilitengenezwa kwa ajili ya mitaa mitano inayozunguka ofisi yao. Ukimwona mtu usiyemwelewa, unampiga picha, unabonyeza kitufe chekundu, na simu za mitaa yote mitano zinalia, kila moja ikionyesha sura yake na mahali alipo. Akikimbia, yeyote atakayemwona anabonyeza "nimemwona", na simu zinalia tena kutaja mahali papya. Wakazi waliisifu sana. Wizi ulipungua. Kwamba walikwisha kupigwa watu wawili ambao hawakuwa wezi, hilo lilisemwa kwa sauti ya chini, likapita.

Siku hiyo simu zote za ofisini zililia kwa pamoja. Bi Taratibu akaitazama yake kwa mazoea tu. Mwanamume amepanda juu ya jiwe, anachungulia ndani ya ukuta wa nyumba ya watu. Picha ilikuwa na ukungu, lakini kofia ile ya bluu aliinunua yeye mwenyewe. Ni shemeji yake, mume wa mdogo wake wa pekee, msoma mita za maji. Kazi yake ndiyo hiyo hiyo, kuchungulia kuta za watu kutafuta mita. Alikuwa amehamishiwa mitaa hii juzi, na hakuna aliyemzoea.

Akampigia. Simu iliita mpaka ikakata.

Simu zikalia mara ya pili: yuko kwenye duka la dawa. Baadaye ilijulikana kuwa hapo alijaribu kuonyesha kitambulisho, na mtu mmoja akakipiga teke kikaingia mtaroni, mwingine akampasua nyusi kwa kufuli. Akakimbia huku damu inamwingia jichoni, amepoteza kiatu kimoja, nyuma yake kundi linaongezeka kila kona. Pale kwenye kona ya mwisho akawapotea. Akaruka ukuta wa gereji ya matairi, ng'ambo ya barabara kutoka ofisini kwa Bi Taratibu, akajibanza nyuma ya tangi la maji.

Kundi likasimama barabarani, halijui liende wapi. Ingeweza kuishia hapo. Lakini kwenye ghorofa la jirani kulikuwa na mtu dirishani, na mtu huyo akabonyeza "nimemwona".

Bi Taratibu aliyaona maandishi yale yakiingia kwenye kioo chake kabla hayajatawanywa: gereji ya matairi, nyuma ya tangi. Hakuomba ruhusa ya mtu. Vidole vyake viliandika amri viliyozoea kuiandika kwa miaka minne, na seva ikamjibu kwa adabu aliyoifundisha mwenyewe: Nimepokea. Namalizia ujumbe uliobaki kwenye foleni: 3,812.

Hapo ndipo alipoelewa amefanya nini. Jicho lilikuwa limefunga mlango, ndiyo. Lakini lilikuwa linawahudumia walioko ndani mpaka wa mwisho, ujumbe ishirini kila sekunde, na kila ujumbe ulikuwa unamwambia mtu mmoja zaidi mahali pa kumkuta mume wa mdogo wake.

3,600. 3,400.

Aliandika tena kusimamisha. Jicho likamjibu kwamba tayari linasimama, awe na subira.

Mzee Waya, fundi wa nyaya anayekaribia kustaafu, alikuwa amesimama dirishani. Akamwambia kuna mtu ametoka karakana ya mageti na nondo mkononi, anatazama simu huku anatembea, anaelekea gereji moja kwa moja. Bi Taratibu hakuinuka. Njia ya kuchinja alikuwa ameifuta kwenye msimbo wake, kwa hiyo alilazimika kuiandika upya kutoka kichwani: kwanza kuiuliza seva Jicho limesajiliwa kwa namba gani, kisha kutoa amri kwa namba ile. Mara ya kwanza alikosea tarakimu, seva ikasema hakuna kitu kama hicho.

"Wamemfikia, mwanangu," alisema Mzee Waya.

Kelele ilipanda mpaka juu. Siyo kelele za mayowe. Ni mlio mzito, kama watu wanaotwanga kitu chenye maji. Bi Taratibu akaandika namba tena, tarakimu moja moja, akabonyeza. Kioo kikabaki cheusi. Kwenye foleni ulikuwa umesalia ujumbe 1,104, na huo haukwenda popote.

Hakukaa kushangilia. Alichomoa mtungi wa kuzimia moto ukutani akashuka ngazi mbili mbili, Mzee Waya nyuma yake anahema kama mbuzi. Getini watu walikuwa wamejaa, wengine hata hawakujua anapigwa nani. Ndani, shemeji yake alikuwa chini, mikono kichwani, na yule fundi mageti alikuwa anainua nondo na kuishusha kwenye goti lile lile, polepole, kama mtu anayenyoosha chuma karakanani. Mama muuza mkate alikuwa anarusha mawe. Kuna mtu alikuwa amekwisha kuviringisha tairi karibu, mkononi ana chupa ya petroli.

Bi Taratibu alivuta pini, akamwelekezea fundi mageti unga machoni. Kisha akawageukia wengine, akizunguka kama kichaa, unga mweupe unajaa uwanja mzima, watu wanakohoa, wanapigana vikumbo. Tofali lilimkuta mdomoni. Alianguka juu ya shemeji yake, akamfunika, akapigwa mgongoni mateke ambayo hakuyahesabu. Mzee Waya alisimama juu yao wote wawili na mtungi mtupu, akimpiga nao kila aliyesogea. Alimvunja mtu mkono, na mpaka leo hajaomba radhi. Watu wapya hawakuja. Simu zilikuwa zimenyamaza. Waliokuwapo walichoka, wakaanza kutazamana sura zilizopakwa unga, na mmoja mmoja wakaondoka.

Shemeji alipona, kama hiyo inaitwa kupona. Goti halikunji. Fundi mageti yuko gerezani. Jicho halikuamshwa tena, na Bi Taratibu alirudi kazini baada ya wiki tatu, akaurudisha ule mstari wa kuchinja kwenye msimbo wake bila kumwambia mtu.

Kila Jumapili mdogo wake humwalika chakula cha mchana. Humwekea mchuzi laini kwa sababu ya meno, humwita dada kwa namna ambayo hakuwahi kumwita zamani, na huwaambia majirani kwamba mume wake yu hai kwa sababu ya vidole vya huyu. Shemeji hukaa kwenye kiti chake, mguu umenyooshwa juu ya stuli, anatania kwamba sasa anasoma mita moja tu, ya nyumbani kwake. Halafu, chakula kikiisha, swali lake ni lile lile.

"Shemeji, nilikuwa nimejificha vizuri mimi. Wale wa barabarani walinipita. Yule wa nondo alijuaje?"

Na yeye hujibu kwamba labda kuna mtu alimwelekeza.

Lakini seva huandika kila kitu inachokifanya, saa na sekunde. Bi Taratibu alisoma kumbukumbu hizo siku aliyorudi kazini, mlango umefungwa. Amri yake ya upole iliingia saa nne na dakika kumi na mbili. Simu ya fundi mageti ilipokea ujumbe sekunde arobaini na moja baadaye. Angechinja, ujumbe ule usingetoka.

Kumbukumbu za seva hujifuta zenyewe baada ya siku tisini, na hakuna mwingine aliyezisoma. Kesho ni siku ya tisini. Ni Jumapili pia, na mchuzi umekwisha kutayarishwa. Amekaa mbele ya kioo, kidole kiko juu ya kitufe cha kunakili, chai inapoa. Ingekuwa wewe, ungewabebea nakala hiyo mezani, au ungeacha ijifute?