Libanga la Mama

Kila ninapofungua simu nakuta mtu ananieleza maisha ya mdogo wangu wa kike, yule mwimbaji. Alitoka chini kabisa, wanasema. Alikuwa akichimba mawe peku huko Kipushi, na jioni aliimba ili asahau njaa. Nani aliwaambia hayo? Mdogo wangu hajawahi kushika sururu hata ya kuchezea. Kipushi tulikwenda mara moja kwenye harusi ya shangazi, akatapika ndani ya gari kwenda na kurudi, na hiyo ndiyo historia yake yote na migodi. Na njaa, katika nyumba ya mama yetu? Mama anauza samaki wa Kasenga tangu mimi sijaota meno. Tulikula samaki mpaka tukawachukia samaki. Tulikuwa watu wa kawaida wa mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, na nyumba yetu ya matofali, choo nje, umeme ukija unapojisikia. Lakini nadhani habari za watu wa kawaida haziuzi tiketi kule Paris.

Nikisema hivi watu hucheka pembeni, ati wivu. Si wivu. Mdogo wangu ana sauti, dunia ikamsikia, vizuri sana, na aendelee. Mimi ni mshonaji, sina haja ya jukwaa. Kinachoniudhi ni jambo moja. Kulikuwa na jina ndani ya wimbo wake, likatolewa, na mama yangu bado analisubiri.

Kwetu wimbo haujakamilika bila libanga. Maana yake ni jiwe, kwa Kilingala, na kulitupa ni kuita jina la mtu katikati ya wimbo, pale magitaa yanapopamba moto na watu wamekwisha kusimama. Wenye malori na wenye maduka ya jumla hulipa ili watupwe. Wengine hutupwa kwa sababu wanapendwa tu. Mtu aliyetupwa hutembea tofauti, hata ukimwona kwa mgongo utajua.

Wimbo wa mdogo wangu ulirekodiwa kwa mara ya kwanza hapa hapa, katika chumba nyuma ya saluni ya nywele. Kila jenereta ilipokohoa walianza upya. Ni wimbo wa mwanamke anayesubiri, na huko nje wanaucheza wakidhani anayesubiriwa ni mwanaume. Ni lori la samaki. Masika barabara ya Kasenga inakuwa uji, lori linakwama porini, na mama alikuwa akisimama mlangoni kila saa kutazama barabara, mikono kiunoni, akimsema dereva ambaye hakuwepo kumsikia. Mdogo wangu alichukua maneno yale yale ya mama, akayaimba. Sisi nyumbani tulipousikia tulicheka mpaka machozi.

Mwishoni alitupa libanga moja tu, la mama. Alimwita kama anavyoitwa na kila mtu, yaani Mama, halafu jina langu.

Maana kwetu mwanamke akizaa, jina la mzaliwa wa kwanza linakuwa lake. Mimi ndiye wa kwanza. Siku niliyozaliwa mama alichukua jina langu, na lile alilobatizwa nalo likaingia kabatini pamoja na cheti chake. Sokoni, kanisani, kwa majirani, hata baba hadi anakufa, wote walimwita Mama wa mimi. Jina la cheti hutoka siku ya kura na siku ya hospitali, na likitoka yeye mwenyewe hushtuka kidogo, kama mtu aliyeitwa polisi.

Wimbo ulipopigwa redioni mara ya kwanza mama alikuwa mezani kwake, kisu mkononi, anakata samaki wa mteja. Jina likaitwa. Soko zima likageuka kumtazama. Akacheza na kisu chake hewani, magamba ya samaki hadi kwenye nyusi, na mteja akarudi nyuma kwa usalama wake. Tangu siku hiyo, wimbo ukianza popote, mama anainua kidole kimoja na kusema, "Ngoja, ngoja." Wote tunangoja. Samaki wanangoja, mteja anangoja, mazungumzo yanangoja, mpaka jina lipite. Ndipo anashusha kidole na kuendelea na bei.

Kisha mambo yakaenda mbio. Video ikazunguka, mdogo wangu akaitwa Kinshasa, akaitwa Brussels, wakamrekodi upya kwa vyombo vinavyong'aa. Wimbo mpya ukafika kwetu ukiwa umekwisha kuchezwa na nusu ya dunia. Nilikuwa sokoni siku ile. Mama akainua kidole. Tukangoja. Wimbo ukaisha, likaingia tangazo la sabuni, na kidole cha mama kilikuwa bado juu.

"Redio inakata," akasema.

Redio haikukata. Nilimpigia mdogo wangu jioni ile ile, nimekwisha kuchemka.

"Yaya, usikasirike," akasema; yaya kwetu ni mkubwa wa kuzaliwa, si mlezi wa watoto. "Huku banazoea kuniita ile jina, banazani ni yangu. Bajurnaliste beko bananiuliza kama niko na mutoto, na juu ya nini ninamuficha."

"Mutoto gani?"

"Weye."

Hebu fikiria. Mimi, na mvi zangu za kwanza ninazozifunika kwa kitambaa, kwa waandishi wa habari nimekuwa mtoto aliyefichwa wa mdogo wangu! Nilicheka kwanza, nakiri. Halafu nikamwuliza kwa nini asiwaeleze.

"Minabaeleza, yaya. Habaelewake. Produkta anasema iko kompliké, tutoe tu."

Kompliké! Mtu anaitwa kwa jina la mwanawe, nini kigumu hapo? Watoto wa shule ya awali hapa mtaani wanalielewa jambo hilo. Wazungu wanaotengeneza simu kwa shaba yetu linawashinda, basi anafutwa mama. Nilimwambia hivyo na mengine ambayo sitayaandika. Mwisho akaniahidi kwamba siku atakapoimba Lubumbashi atamtupa mama mbele ya watu wote. Nikaenda kumwambia mama. Hapo ndipo nilipofanya kosa, maana mama akiambiwa neno huliamini lote.

Onyesho lilipotangazwa nikaacha kazi za wateja. Mama alinunua kitenge cha rangi ya chungwa chenye ndege, nikamshonea vipande vitatu, na mikono ya puto kama anavyotaka, ingawa nilimwambia imepitwa na wakati. Alijaribu nguo ile mbele ya kioo akiwa ameinua kidole. Nilimwona, akajifanya anatengeneza kilemba.

Uwanjani tuliwekwa viti vya mbele, vya plastiki, karibu na vipaza sauti vilivyotusukuma kifuani. Mdogo wangu hakupita nyumbani kabla. Usalama, programu, walinzi, kila mtu alikuwa na neno lake. Sawa. Mama hakujali. Alikataa kunywa maji tangu asubuhi, ili asije akaenda chooni jina likapita bila yeye.

Mdogo wangu akatoka, na sitadanganya, aliimba vizuri kushinda simu yoyote inavyoweza kuonyesha. Akatupa majina. Akatupa wakubwa wa mji, waliokaa nyuma yetu na miwani ya jua wakati jua lilikwisha kuzama. Akawatupa wenye bia. Akamtupa bwana mmoja wa malori mara nyingi mpaka nikamchukia bila kumjua. Mama alikuwa akipiga makofi kwa kila mmoja, kwa adabu, kama mtu aliye kwenye foleni na anajua zamu yake inakuja.

Kisha wimbo wa lori. Uwanja mzima ukapiga kelele. Mama akasimama, akanyoosha kitenge, akainua kidole.

Mwishoni mdogo wangu akanyamazisha magitaa, jambo ambalo hakumfanyia bwana wa malori. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili na kutupa jina moja, polepole, jina la ubatizo na la ukoo, yote mawili kama yalivyo kwenye kadi ya kura. Aliyatamka vizuri. Niliona macho yake yanang'aa. Nikaelewa mara moja alichofanya. Wakubwa ndio hutupwa kwa majina kamili, na yeye alitaka mama atupwe kama mkubwa. Na lile jina la kompliké akaliepuka, wasije wakamrudishia tena mtoto wa kufichwa.

Watu wakashangilia. Mama naye akapiga makofi, kisha akanisogelea sikioni.

"Kumbe kuko mwengine mwenye jina kama yangu."

Na kidole akakirudisha juu.

Nilimwambia, "Mama, ni weye. Anakutupa."

Alinitazama kama nimemuuzia samaki aliyeoza. "Miye? Ile ni jina ya hopital."

Magitaa yakarudi, wimbo ukaisha, ukaingia mwingine. Mama aliendelea kusimama. Watu wa nyuma wakamwomba akae, hawaoni. Akakaa. Njia nzima ya kurudi nyumbani alisema tu kwamba mikono ya puto inabana. Nilitaka kulia, nilitaka kumpiga mtu, na hapakuwa na mtu wa kumpiga. Mdogo wangu hakufanya ubaya. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, kwamba nina hasira yote hii na sina pa kuiweka.

Asubuhi akapiga simu kutoka uwanja wa ndege, sauti imekauka, furaha tele. "Yaya, mama anasikia jina yake?"

Nikamweleza. Sikupunguza kitu. Upande wa pili nikasikia mtu akiita abiria.

"Lakini ni jina yake," akasema mwishowe, kwa sauti ya yule mtoto aliyetapika njia ya Kipushi.

"Ni jina ya karatasi. Ndio kusema unaitupa karatasi."

Akaomba mama. Nikampa simu, nikaweka sauti nje. Mdogo wangu akamwita, bila muziki, Mama na jina langu, vile vile kama kwenye chumba cha nyuma ya saluni. Mama akaitikia, "Abee, mama yangu." Akamwuliza kama amekula. Akamkumbusha ndege ina baridi, afunge shingo. Akamwambia aliimba vizuri na Mungu amlinde. Simu ilipokatika alinirudishia, akafuta mikono.

"Ananiita muzuri," akasema. "Lakini hapa nani anasikia?"

Libanga la sikio moja si libanga, hata mimi najua.

Sasa mama ana ule wimbo wa kwanza kwenye simu yake, mimi ndiye niliyemtilia. Anaupiga mezani, samaki mbele yake, sauti hadi mwisho. Wiki iliyopita msichana mmoja mwenye kucha ndefu alikuwa akichagua samaki, akasikiliza, akamwambia mama kwa upole kwamba wimbo wake ni wa bandia, wa kweli hauna yale maneno ya mwisho. Nilifungua mdomo nimtoe mtu sokoni. Mama akanizuia kwa mkono, akamfungia msichana samaki wake, akamwongezea na mdogo mmoja juu.

Kisha akaniambia kile kitenge cha ndege amekwisha kukifua na kukikunja, nitanue mikono kabla ya mdogo wangu kurudi kuimba.

"Na umukumbushe vizuri," akasema. "Asipotee jina tena. Jina yangu ni ya kwako."