Bahasha Arobaini na Mbili

Kaka yangu alioka mikate kwa miaka thelathini na moja mbele ya tanuri moja, na watu wakamwita Tanuri mpaka jina alilopewa na mama likabaki la kwetu sisi wawili tu. Kuanzia viwiko hadi vidoleni hakuwa na unywele hata mmoja. Moto ulikuwa umeshaumaliza zamani. Hakutumia kipimo cha joto. Alipenyeza kiwiko mlangoni mwa tanuri, akahesabu kimoyomoyo, na akiweza kufika saba kabla ya kukitoa, alijua mikate iingie.

"Tanuri, siku mkono huo ukiugua tutafunga duka," wenzake walimtania.

"Nitatumia pua," aliwajibu.

Mkewe alifariki mapema na mimi sikuolewa, kwa hiyo tuliishi pamoja kwenye vyumba viwili nyuma ya karakana ya baiskeli. Mimi ni karani wa ghala la vipuri. Aliniita Karani hata nyumbani, hasa nilipomuuliza nyanya zimeisha lini.

Kisukari alikuwa nacho kwa miaka sita. Alimeza vidonge vyake, na kazini akaendelea kula ncha za mikate iliyovunjika. Mwaka jana kona ya trei ya moto ilimwangukia kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, ikapenya kiatu. Hakusikia maumivu. Alisikia harufu, akadhani mkate unaungua, akafungua tanuri kuangalia.

Daktari wa kliniki alikitazama kidonda kwa muda mrefu.

"Hiki hakitapona sukari isiposhuka," alisema. "Mrudi baada ya wiki sita. Ikishuka, mguu utabaki. Isiposhuka, tutakata."

"Dokta, kazi yangu ni ya kusimama."

"Ndiyo maana nakwambia mapema, mzee."

Nyumbani hatukuwa na mashine ya kupima damu. Muuguzi alitupa chupa nyeusi ya vijiti vya kupimia mkojo, akatufundisha. Unachovya kijiti kwenye mkojo wa asubuhi, unahesabu hadi thelathini, unalinganisha na rangi zilizochorwa ubavuni mwa chupa. Buluu, hakuna sukari. Kijani, ipo. Kahawia, ni nyingi. Alisema alichokula mtu jana ndicho kitakachosema leo. Kisha akaniambia nivitunze vizuri.

Nikavitunza ninavyojua mimi. Ghalani kwetu kitu kidogo kikiachwa na wenzake kwenye kopo hupotea, kwa hiyo kila kitu kina bahasha yake yenye namba na tarehe. Nilileta bahasha ndogo za kuwekea skrubu, arobaini na mbili. Nikaandika tarehe za wiki sita, nikatia kijiti kimoja katika kila bahasha ili tusiruke hata siku moja, nikazipanga kwenye rafu ya bafuni. Chupa niliiacha pembeni kwa ajili ya rangi zake. Ndani mlikuwa na kijipakiti cheupe. Nilikiona takataka, nikakitupa.

Daftari nililigawa safu mbili: "Amekula nini" na "Rangi". Siku za kwanza zilikuwa kahawia, kahawia, kijani, kahawia. Nilimwondolea mkate kabisa. Akala maharage, mboga na yai la kuchemsha, akarudi kazini kushinda kwenye harufu ya kitu asichoruhusiwa kukionja.

"Karani, ncha tu," alinibembeleza.

"Ncha nayo ni mkate."

"Ncha ni mlango wa mkate. Sijaingia ndani."

Sikumpa. Wiki ya pili ikaja buluu. Kesho yake buluu tena. Nilifurahi hata nikaipigia mstari kwa rula. Kidonda nilikisafisha mwenyewe kila jioni, na juu kilikuwa kimeanza kufunga ngozi.

Siku moja alirudi akanywa vikombe vitatu vya maji bila kukaa.

"Mbona nina kiu namna hii?"

"Joto la tanuri hilo."

"Tanuri ninalijua. Hii si ya tanuri. Na chooni jana nimekwenda mara saba."

Nilimfungulia daftari. "Tazama mwenyewe, Kaka. Siku kumi na moja, zote buluu."

Alitazama ukurasa, akafuata mistari kwa kidole chenye kovu. "Basi kijiti kinanijua kuliko ninavyojijua," alisema, na hakukuwa na kejeli ndani yake. Kaka aliheshimu maandishi.

Nikampa nusu kipande cha mkate kama zawadi. Kesho yake, buluu. Nikampa kizima. Buluu. Pembeni nikaandika: "Mwili umezoea."

Siku ya arobaini na mbili tuliondoka alfajiri, kwa hiyo bahasha ya siku hiyo niliiweka mkobani pamoja na daftari. Muuguzi alianza kufungua bandeji, na kabla hajamaliza alisimama akafungua dirisha. Ngozi ilikuwa imefunga juu tu. Chini ya ngozi, unyayo ulikuwa umeoza hadi katikati.

Nilimpa daftari. Alisoma kurasa mbili, akaniangalia, akachukua mkojo wa kaka na kuchovya kijiti chake. Kikawa kahawia iliyoiva, rangi ya ganda la mkate. Nikatoa bahasha yangu, nikachovya kijiti changu kwenye kikombe kilekile. Nilihesabu hadi thelathini. Buluu.

"Hivi vilikuwa vinakaa wapi?" aliuliza.

Nilimwonyesha bahasha. Aliigeuza, akasoma tarehe niliyoiandika vizuri.

"Nani alivitoa kwenye chupa?"

"Mimi."

"Vikipata hewa na unyevu vinakufa, dada. Vinabaki na rangi yake hata ukivichovya kwenye asali. Kile kijipakiti cha chupani kazi yake ni kunyonya unyevu."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali. Kaka, ambaye alikuwa amelala akitazama dari, alisema, "Usimseme, Sista. Huyu hajawahi kupoteza hata skrubu."

Walikata chini ya goti.

Jirani yetu mwenye karakana alikuja kumwona hospitalini, akaketi na kutikisa kichwa. "Ndiyo hayo, Tanuri. Mficha maradhi, kilio humuumbua."

Kaka angeweza kujibu. Hakuwa ameficha chochote. Aliniambia habari ya kiu mara nne, na ya chooni mara mbili, nami sikuandika hata moja kwa sababu daftari halikuwa na safu yake.

Tuliporudi nyumbani na chupa mpya, safari hii niliifunga kifuniko hadi vidole vikauma. Aliniangalia nikipiga mistari ya ukurasa mpya.

"Karani, ongeza safu nyingine."

"Ya nini?"

"Ya kuniuliza."

Niliiandika "Anasemaje". Ninazo kurasa zake zote. "Kiu kidogo." "Vidole vya mguu usiokuwepo vinawasha." "Chumvi ya maharage haitoshi, mpishi anajihurumia." Mwenye duka alimwekea kiti kaunta auze mikate badala ya kuioka. Alikaa siku mbili. Siku hiyo ya pili nimeandika: "Kuuza mkate usioupika ni kama kusoma barua ya mtu mwingine."

Baada ya miezi mitano mguu wa pili ulianza kuoza, na maradhi yakaingia kwenye damu. Daktari alisema kukata hakutasaidia tena, tusubiri tu. Kaka mwenyewe aliniomba tuendelee kupima, maana alizoea kuniona nikihesabu kando ya kitanda chake kila asubuhi.

Ukurasa wa mwisho una mstari mmoja tu. Amekula nini: uji usio na sukari, vijiko vitatu. Rangi: buluu, na ilikuwa ya kweli. Anasemaje: anauliza kama mikate imetoka.

Nilimwambia imetoka. Nikaandika na hilo pia.