Matanga Chumbani kwa Mataji

Miaka sita mfululizo Dorcus Mwende alifunga Karva Chauth kana kwamba alizaliwa nayo, yeye Mkamba wa Mwingi, Kenya, mwimbaji wa kwaya. Ukimuuliza kwa nini, atakuambia ni kwa sababu madam aliyemwajiri alikuwa mpweke. Madam Ruchika hakuwa na dada wala wifi hapa Dubai, na sikukuu hiyo ya wake wa Kihindu haisherehekewi peke yako. Basi mwaka wa kwanza alikuja jikoni pale mtaa wa Oud Metha, akasema, "Dorcus, wewe una mume na mimi nina mume. Tufunge pamoja." Dorcus akacheka, kisha akafunga kweli.

Huamki kuchelewa siku hiyo. Unakula kabla ya alfajiri, halafu si tonge wala tone la maji mpaka mwezi uonekane, na yote ni ili mume aishi miaka mingi. Jioni wake hupanda juu ya paa wamejipamba, wamebeba sahani zenye taa ndogo. Wanautazama mwezi kupitia chekeche la unga, kisha wanamtazama mume kupitia chekeche lilo hilo, na mume anamnywesha mkewe maji. Mume wa Dorcus alikuwa mbali, kwa hiyo yeye alimtazama kwenye simu. Onesmus alitokea uso wote vumbi la saruji, akicheka mpaka wake wote pale juu wakacheka naye.

"Sasa na wewe," Onesmus alimuuliza mwaka ule wa kwanza, "nani anafunga kwa ajili yako?"

Ilikuwa utani. Mwaka wa pili Dorcus akamuuliza amekula nini, akajibiwa, "Nitakulaje na wewe hujala?" Kumbe alikuwa ameshinda na njaa juu ya jukwaa la ujenzi, anapanga mawe. Wanaume wa namna hiyo wapo, ila majirani hawawapendi. Huyu ndiye aliyesema, ilipopatikana nafasi ya kazi ya nje, "Enda wewe. Mimi nitabaki na watoto." Akabaki. Alifua sare za shule, akapika, akaketi peke yake katikati ya akina mama kwenye mikutano ya wazazi. Sokoni walisema amekaliwa na mkewe. Naye alikuwa akiwajibu kwamba amekaliwa vizuri, na kama kuna mwenye wivu aseme.

Agosti mwaka huu alianguka kazini siku ya Jumatatu. Presha. Jumatano alikuwa amekufa.

Aliyepiga simu ni Harrison, ndugu yake mkubwa. Dorcus alikuwa hajamaliza kulia akauliza mazishi ni lini, aombe ruhusa. Harrison akamwambia asijisumbue, mipango imeshakamilika. "Ulimwacha akipika kama mwanamke mpaka akafa. Udongo wa kumrushia utautoa wapi?" Wakazika Jumamosi. Hakuna aliyemwonyesha kaburi hata kwa picha.

Hapo ndipo alipoficha. Hakumwambia madam, na msimlaumu haraka. Angesema, swali la kwanza lingekuwa, "Unasafiri lini?" Naye angelazimika kujibu kwamba kwao wamemkataza kuja. Aibu hiyo ilimshinda. Aliamka, akapiga deki, akapeleka watoto kwenye basi la shule, na katika nyumba ile Onesmus akaendelea kuwa mzima.

Oktoba ikafika na Karva Chauth yake. Madam akamgusa bega kabla ya alfajiri, akamwekea chakula mbele yake, na Dorcus akala. Akafunga. Alimfungia maiti, na alijua anachofanya, lakini angetoa sababu gani ya kukataa?

Mwaka huu alikuwepo pia Mataji, aliyekuja kutoka Ludhiana, India; ndiye mama wa sir, mume wa madam. Bibi huyo alizaliwa Kisumu, akaozwa India akiwa na miaka kumi na tisa, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha jikoni cha zamani. Jioni ile alijifungia chumbani. Dorcus akadhani anaumwa. Akapitia mlangoni kwake, sahani ya madam mkononi.

"Mataji, twende juu. Mwezi uko karibu."

"Mimi hapana kwenda. Bwana yangu ilikufa. Mjane hapana kaa karibu ya sahani. Mbaya kwa bwana ya mwingine."

Dorcus akaitazama sahani iliyo mkononi mwake. Miaka sita hakuna aliyewahi kumwambia hilo, maana hakukuwa na sababu. Akamfikiria sir, mtu mpole asiyewahi kumpandishia sauti. Huko kwao alikuwa ameshaua mume mmoja, kwa maneno yao. Je, sasa na huyu?

Akapanda mbio, akamkabidhi madam sahani, akageuka kuteremka, lakini ngazi zilijaa wake wanaopanda. Mwezi ukatoka juu ya majengo. Madam akanyweshwa maji na mumewe, akamgeukia Dorcus, midomo bado imelowa, uso wote furaha. Akamshika mkono.

"Wapi tena? Yalla, haya, toa simu! Onesmus anangoja."

Akamnyooshea chekeche. Wake wengine wakasogea, maana kichekesho cha Onesmus walikuwa wakikijua. Simu yenyewe ya Onesmus siku hizi anayo Harrison.

"Amekufa, madam," Dorcus akasema. "Tangu Agosti."

Jirani wa ghorofa ya pili akaivuta sahani yake kifuani. Hakufanya kwa ubaya, mkono ulijivuta wenyewe. Madam akaziba mdomo kwa kiganja chenye hina.

"Agosti? Na sahani yangu umeibeba wewe?" Akamtazama mumewe, akamtazama Dorcus, machozi yakamjaa. "Teremka, Dorcus. Kaa na Mataji."

Hakukemea. Dorcus aliona heri angekemewa.

Chumbani Mataji alimtazama usoni mara moja tu, akasogea kitandani kumpa nafasi.

"Lini?"

"Agosti."

"Jina yake?"

"Onesmus."

Hapo kilio kikatoka, chote cha tangu Agosti. Alilia kwa sauti kama wanavyolia kwao, bila kujali ghorofa wala majirani. Madam alifungua mlango akiwa na sinia la chakula. Mataji akamzuia kwa mkono. "Bado. Tuko matanga hapa." Mlango ukafungwa taratibu.

Dorcus akasimulia yote: sare za shule, akina mama wa mikutano, njaa ya jukwaani.

"Yeye ilifunga? Kwa wewe?" Mataji aliuliza. "Mwanaume?"

"Kila mwaka, Mataji."

Bibi akaanza kusema akitazama mikono yake. Ilikuwa Karva Chauth, naye ana mimba iliyomzaa sir. Joto lilikuwa kali na mwezi ulichelewa, naye akajificha nyuma ya jiko akanywa maji, nusu glasi. Miezi minne baadaye basi likamgonga mumewe. Mama mkwe akamuuliza, ulikunywa? Akakana. Amekana miaka thelathini na minane, na kila Karva Chauth amejifungia mlango.

"Hata mtoto yangu hapana jua," alisema. "Wewe tu."

Dorcus akamshika mkono. "Mataji, nusu glasi ya maji haiui mtu."

"Na tikiti ya ndege pia haiui."

Kuhusu ile glasi Dorcus alikuwa na hakika, angeweza kuapa kanisani. Kuhusu tikiti iliyomleta Dubai, mpaka leo hajaweza.