Kisu cha Mtu Mmoja

Niliondoka Ndungu siku ya Jumatano kwenda kutafuta kisu. Kila Jumamosi huchinja mbuzi na kuuza supu karibu na kijiwe cha bodaboda, na kisu changu cha miaka kumi na minne kilikuwa kimekatika. Wiki mbili nilihangaika na visu vya kuazima, nikitoboa ngozi na kuchana nyama, na wateja wakanywa supu yao bila neno huku wakinitazama kwa huruma. Huruma ile ilinichosha kuliko kazi. Mke wangu Mwanaidi alikuwa amefariki miezi mitatu nyuma, na kama supu nayo ingekufa, sikujua asubuhi ningeamkia nini.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda basi la Same. Upande wa kushoto milima ilikuwa bado imejifunika ukungu, kulia nyika ya Mkomazi imekauka hadi macho yanapoishia. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa wazi hadi Kisiwani. Nikaweka begi juu yake, kwa sababu sikupenda kukiona kitupu.

Same, saa nne. Sokoni dada mmoja mwenye kilemba cha njano alinitandazia visu vinavyong'aa kama vioo.

"Chukua hiki, baba. Stenlesi. Hakipati kutu ng'o!"

Nikakitikisa karibu na sikio, nikasikia mpini unagonga ndani. Nikakipinda kidogo kwa dole gumba. Kilipinda, kikabaki hivyo hivyo.

"Hiki cha nyanya," nikamwambia.

Akacheka. "Basi ukakate nyanya! Kama unataka cha kazi, panda milimani Ugweno kwa wahunzi, usinipindie mali yangu."

Nikapanda basi hadi Mwanga mjini, na kutoka hapo bodaboda ilinipandisha kona baada ya kona, baridi ikaanza kuingia mikononi, migomba na mikahawa ikatusogelea pande zote. Palipozidi mteremko dereva alisimama, akanionyesha kijia cha kushuka, kisha akaniacha na ukimya wa mlimani. Nilitembea kama nusu saa, nikavuka kijito na kupanda ng'ambo ya pili, nikiongozwa na mlio wa nyundo.

Mhunzi, Mzee Elinihaki, alikuwa na mvi hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, karibu. Kaa mbali na cheche."

Visu vyake vilikuwa vyeusi, vimefuliwa kutoka kwenye springi za malori mabovu. Nilipotaka kujaribu makali, alinizuia. Makali, alisema, hata bati huwa nayo siku ya kwanza. Akanionyesha mkia wa chuma uliopita ndani ya mpini mpaka mwisho, umebanwa kwa misumari mitatu. Akanionyesha mgongo ulio mnene karibu na mkono na kupungua taratibu kuelekea nchani. Kisha akaning'iniza kisu kwa vidole viwili na kukigonga: kizima hulia kwa muda mrefu, chenye ufa hunyamaza upesi.

Ndipo akauliza, "Ukichuna, nani anakuvutia ngozi?"

"Mke wangu," nikajibu.

Sikupanga kusema hivyo. Neno lilitoka lenyewe.

"Anavuta vizuri?"

"Vizuri sana. Nikikosea ananigombeza mpaka majirani wanasikia."

Tukacheka wote wawili. Nikaendelea kumsimulia, na kwa dakika zile nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu msiba. Akanichagulia kisu kirefu, chembamba, cha kupita kwa mkupuo mmoja ngozi ikiwa imevutwa.

Nikalipa, akanifungia kwa gazeti. Nilishuka hadi kijitoni, nikakifungua nikitazame. Nikashika ngozi ya kufikirika kwa mkono wa kushoto, kisu kwa wa kulia, na nikaona wazi kwamba kisu kile kilihitaji mkono wa tatu. Nikakaa juu ya jiwe. Nililia, sitaficha. Kisha nikageuza nikapanda tena, miguu ikiwa mizito na aibu ikiwa nzito zaidi.

"Umesahau nini?" aliuliza mzee.

"Nilikudanganya. Mke wangu amefariki."

Mazishini walisema wengine, mimi nikiitikia tu. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo kwa mdomo wangu.

Mzee aliweka nyundo chini. "Pole sana, mwanangu. Basi hicho hakikufai, kitakutobolea ngozi zote." Akanipa kingine: kifupi, kipana, ncha yake ya mviringo. Akatundika gunia kwenye boriti na kunifundisha. Mtu wa peke yake humtundika mbuzi, hufungua ngozi kidogo kwa kisu, kisha husukuma kwa ngumi kati ya ngozi na nyama. Kisu hungoja. Mkewe alituletea chai ya tangawizi, akanitazama nikipiga ngumi gunia.

Nililala Same, nikafika nyumbani Alhamisi mchana. Jumamosi nilichuna peke yangu. Ngozi ilitoka nzima, ila kazi ilichukua muda mara mbili, na supu ikachelewa. Fundi baiskeli wa jirani akapaza sauti mbele za watu: "Wewe, leo unatuua na njaa!" Wengine wakamuunga mkono. Nikawaambia wangoje, na moyoni nikashukuru kwamba huruma yao imekwisha.

Kwa hiyo wewe unayetafuta kisu, tazama mkia, tazama mgongo, sikiliza mlio. Lakini kabla ya hayo hesabu mikono iliyoko nyumbani kwako, na umwambie mhunzi ukweli. Kwangu imebaki miwili.